Jina Alilolikata Ndugu Silasi

Nyie vijana wa kamati ya sherehe, hamna haya. Mmeniletea karatasi yenu ya kumuaga Ndugu Silasi Magesa, mistari tisa, nimeihesabu kwa kidole, na ndani ya mistari tisa mmeandika mara tatu kwamba ni mchapakazi. Hata punda ni mchapakazi. Mtu ameitumikia ofisi hii ya elimu hapa Musoma miaka ishirini na moja na miezi mitano, kuanzia tarehe 15 Januari 1962 mpaka tarehe 30 Juni 1983 atakapostaafu, mnampa mistari tisa na soda! Tena mmeiruka ile orodha ya mwaka 1975. Mmeiruka makusudi, kwa sababu mnajua ilimgusa nani. Ilinigusa mimi. Kwa hiyo karatasi yenu nimeiweka chini ya birika, naandika ya kwangu.

Mimi ni Nyangi Matiko, mnaniita Mama Florian, mhudumu wa ofisi. Nimewachemshia chai tangu 1965, wengine wenu mkiwa bado mnatambaa. Kusoma nimejifunza nikiwa na wajukuu, kwa hiyo herufi zangu ni kubwa na hazikai kwenye mstari. Dorotea mpiga taipu atazinyoosha. Maneno asiyaguse.

Ndugu Silasi ni mtu wa Butiama, mtoto wa mfugaji. Alizaliwa mwaka 1928, au tuseme huo ndio mwaka ambao padri alikisia alipomtazama meno. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, akaenda Bunda kupima pamba kiwandani. Huko wakulima walimpenda na wenye mizani hawakumpenda. Sababu mnaweza kuijua wenyewe.

Uhuru ulipokuja, wakubwa wakasema kazi za ofisini sasa zigawiwe Waafrika. Kiti cha karani hapa kilikuwa cha Mhindi mmoja wa Goa, Bwana Bernado, aliyekikalia miaka kumi na minane. Silasi akaitwa. Hakujua hata kuingiza karatasi kwenye mashine ya taipu. Bwana Bernado akapewa wiki sita amfundishe mtu atakayemtoa, na akamfundisha, kidole kwa kidole. Siku ya kuondoka, Silasi alimbebea sanduku kwa baiskeli mpaka kwenye gati, meli ya Mwanza ikisubiri. Watu mjini wakamtania: "Wewe umepewa kiti kwa rangi." Yeye akajibu, "Ndiyo, nimepewa. Sasa niacheni nikikalie vizuri." Lakini mimi aliniambia siku moja, tukiwa wawili, kwamba yule mzee alipanda meli bila kugeuka nyuma. "Kiti kilikuwa bado kina joto lake, Mama Florian. Na mwenyewe alikuwa bado anakitaka."

Alikikalia vizuri kweli. Alivaa tai kila siku na kandambili kila siku, maana viatu vilimbana. Alichapa kwa vidole vinne, na akikosea herufi moja alitoa karatasi zote na kaboni zake, akaanza upya, sisi tukimcheka. Hakuwahi kuchapa jina la mtoto vibaya. "Jina likikosewa huku," anasemaga, "mtoto anafika shuleni anaambiwa hayupo."

Mwaka 1974 watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, shule zilichanganyika na rejesta zikapotea njiani, nyingine zimefungiwa chumvi. Watoto thelathini na saba wa darasa la saba hawakuonekana kwenye kitabu chochote. Silasi alitoka na baiskeli yake wiki tatu, akilala kwa watu, akiuliza nyumba kwa nyumba, mpaka akawapata thelathini na sita. Wa thelathini na saba alikuwa amekufa. Naye alimwandika, akaweka msalaba mdogo pembeni. Hilo halimo kwenye mistari yenu tisa.

Tena ndiye aliyenifundisha mimi kusoma. Mwaka 1971 ofisi iliagizwa iwafundishe wahudumu wake, wakubwa wote wakawa na kazi nyingi ghafla, akabaki yeye. Saa tisa alasiri, vikombe vikishaoshwa, tunakaa. Nilimpa taabu. Nikamwambia macho yangu yamezeeka. Akaniambia, "Macho yanayoona sukari imepungua kijiko kimoja kwenye kopo yataona herufi." Mwaka uliofuata nikasoma kile kibao cha mlangoni mwenyewe, nikakuta kimeandikwa FUTA MIGUU. Na mimi miaka saba nilikuwa nakipita na matope yangu, nikidhani ni jina la Afisa Elimu.

Kumbukeni hilo la kunifundisha kusoma. Nitalirudia.

Sasa nakuja kwenye orodha. Wanaosoma hii na hawakuwepo waelewe: nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa chache mno, na serikali iliamua kuzigawa. Kila upande ulipewa zake, na za wasichana zikatengwa, ili shule za mjini zenye walimu na vitabu zisizibebe zote. Mtoto alishindana na wenzake wa kwao. Huo ndio mgawo, na hakuna kitu kilichogombanisha ofisi hii kama mgawo. Nikiingia na sinia la chai nawakuta wamesimama.

Dorotea alikuwa msichana bado, ulimi mkali. "Alama ni alama, Mzee Silasi. Mtoto wa mjini kosa lake nini, kuzaliwa karibu na bomba?"

"Kosa hana," Silasi akasema. "Na huyu wa kijijini, anayechuma pamba mpaka saa nne ndio aende shule, kosa lake nini?"

"Kwa hiyo mwenye tisini ampite mwenye mia?"

"Ampite. Lakini awe wa kijijini kweli. Mimi nimekaa kwenye kiti cha mgawo, Dorotea, usinifundishe. Kuna mtu alisimama ili mimi nikae. Basi angalau pasiwe na uongo ndani yake. Mgawo wenye uongo ni wizi uliopigwa muhuri."

Dorotea alisikia hayo akanuna. Mimi nilisikia jingine kabisa. Nilisikia kwamba kijijini mwenye tisini anapita.

Nilikuwa na mjukuu, Boke, mtoto wa Florian wangu, nikimlea mwenyewe hapa mjini, Mwisenge. Mke mwenzangu, ndivyo tulivyotaniana. Akitoka shule alikuja ofisini kunifutia vikombe, na Silasi alimpenda, alimwitaga "karani mdogo". Jumamosi alimkalisha kwenye mashine, akamfundisha kuchapa jina lake. Mtoto alikuwa na akili ya kutisha. Lakini mimi niliogopa. Darasani kwao mjini walikuwa wengi wenye akili, watoto wa wakubwa, wenye taa za umeme. Nikasema nitaucheza mgawo kabla haujanicheza.

Januari 1975 nikampeleka Boke kijijini kwetu, upande wa Bunda, kwa kaka yangu, akamalizie darasa la saba huko. Shule ile ilikuwa na nafasi moja ya msichana, na wasichana wenyewe wawili tu, Boke akiwemo. Sharti lilikuwa mtoto awe amesoma hapo tangu darasa la tano. Mwalimu Clementi wa pale nilimpelekea jogoo na maneno matamu, akaliandika jina la Boke kwenye rejesta za nyuma kana kwamba hajawahi kutoka kijijini. Boke alilia. Alisema, "Bibi, mimi nitashinda hapa hapa." Nikamwambia anyamaze, watoto hawajui mambo.

Desemba fomu zikafika mezani kwa Silasi. Akaona: Boke Florian, msichana, kijiji fulani, amesoma hapo darasa la tano na la sita. Mtoto aliyemfutia kikombe chake mwenyewe miaka hiyo miwili! Mtu mwingine angefumba jicho kwa ajili yangu, na wengi wenu mngefumba. Yeye alipakia baiskeli juu ya basi, akaenda Bunda, akapiga pedali mpaka kijijini, akafungua rejesta. Jina la Boke lilikuwa limebanwa katikati ya majina mawili yaliyofifia, lenyewe linang'aa. Akamwuliza Clementi, "Mwalimu, wino huu umekauka lini?" Clementi akaangalia jogoo wangu aliyekuwa anatembea uani.

Silasi aliporudi aliniita kabla orodha haijatoka ofisini. "Mama Florian, weka sinia chini."

Nikaliweka.

"Nimelikata jina la Boke. Nimelikata mimi, kwa kalamu yangu. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine. Nafasi ni ya Gati Mniko, yule msichana wa pale."

Nikamwuliza, "Boke amepata ngapi?"

"Mia na thelathini na mbili."

"Na huyo Gati?"

"Tisini na nne."

Nikacheka kwa hasira. Halafu kitu kikanishika, nikauliza lile ambalo heri nisingeliuliza. "Msichana wa mwisho aliyechukuliwa hapa mjini, amepata ngapi?"

Akaigeuza orodha, akasoma. "Mia na ishirini na moja."

"Kwa hiyo angebaki Mwisenge..."

"Angekwenda, Mama Florian. Angekwenda akiwa katikati kabisa ya orodha." Na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Nimeomba arudishwe kwenye orodha ya mjini. Nimeomba mara mbili. Wanasema hakufanyia mtihani mjini, na kurudia darasa hairuhusiwi. Imefungwa."

Clementi alipewa barua ya onyo. Jina langu Silasi hakuliandika popote. Kazi hii niliyonayo, na mkate niliokula miaka minane iliyofuata, ni kwa sababu hakuliandika. Mimi nilimlipa nini? Chai bila sukari. Nilimwekea kikombe mezani kila siku bila salamu, bila kumtaja jina. Akanywa. Na Boke aliponiuliza, "Bibi, nimefeli?" nilimjibu, "Hujafeli. Silasi amekukata." Basi. Hapo nikafunga mdomo. Mtoto hakukanyaga tena ofisini, na mpaka leo anaamini mzee aliyemfundisha kuchapa jina lake ndiye aliyelifuta kwa roho mbaya.

Ningeishia hapo ningekuwa nimetubu nusu. Nusu nyingine haijui mtu yeyote, hata Florian.

Machi 1976, Jumapili, watu tumetoka kanisani, Silasi akaja nyumbani kwangu Mwisenge na tai yake, kandambili zimejaa vumbi. Alikuwa na fomu. Serikali ilitaka watoto wote nchini wasome, walimu hawatoshi, sasa wanachukua waliomaliza darasa la saba wafundishe vijijini kwao huku wakifundishwa. Hakunyoosha hata mkono kupokea maji niliyompa, alikuwa na haraka ya kueleza. "Hii haina mgawo wa mjini wala wa kijijini. Wanataka mwenye akili tu. Boke aandike jina lake hapa, mimi nitaipeleka mwenyewe. Ijumaa ndiyo mwisho."

Nikasema, "Nimesikia."

Alipoondoka nikaisoma. Niliisoma yote, mstari kwa mstari, kwa kidole. Siwezi kusema sikujua karatasi ilisema nini. Aliyeileta ndiye aliyenifundisha kuisoma. Halafu nikaikunja, nikaitia kwenye jiko chini ya birika, kwa sababu moja tu: ilitoka mkononi mwake. Maji yalichemka vizuri. Jumatatu nikaweka kikombe mezani kwake nikamwambia maneno ya kwanza ofisini katika miezi mitatu: "Boke amekataa."

 Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchapa.

Mwaka 1977 Boke aliolewa, ng'ombe kumi na mmoja, mmoja wao anachechemea. Leo yuko Bunda, analima pamba, ana watoto watatu. Anasoma kila kipande cha gazeti kinachofungiwa sabuni. Mkienda kwake mtaona amevibandika ukutani.

Na Gati Mniko? Hili silipendi lakini lazima lisemwe, maana mnapenda kubishana kuhusu mgawo na hamjui kwamba mnachobishania kina sura. Gati mwenye tisini na nne alimaliza kidato cha nne, akaenda chuo cha ualimu, na mwaka jana amerudi kufundisha kijijini pale pale. Kijiji ambacho tangu Uhuru hakikuwahi kutoa msichana hata mmoja sasa kina wasichana kumi na wanne darasa la saba. Silasi alikuwa amesema kweli. Na Dorotea naye alikuwa amesema kweli, kwa sababu Boke wangu yuko shambani. Nimelala na hizo kweli mbili kitanda kimoja miaka yote na hazijapatana. Aliyezikutanisha vibaya ni mimi, si mgawo.

Miaka ya shida ya juzi, sabuni ilipoadimika, ofisi ilipata mche mmoja kwa mwezi. Mnakumbuka Silasi alivyoukata kwa uzi, vipande sawasawa, akivipanga mezani na kuinama kuvitazama kwa jicho moja kama fundi. Mkamcheka. Lakini kipande cha mhudumu alikikata kikubwa kuliko cha Afisa, na Afisa alipouliza, akasema, "Mikono yake ndiyo inayochafuka kwa ajili yetu." Mimi nilichukua kile kipande bila kusema asante. Nikaenda kuoshea vikombe, na chake nikakiosha mwisho.

Mwezi uliopita alikuwa anasafisha droo zake. Alitoa nakala ya kaboni ya orodha ya 1975, ameitunza, imekuwa laini kama kitambaa. Akanitazama, akauliza taratibu, kama mtu anayeomba maji kwa mgeni: "Mama Florian, naondoka sasa, niambie. Boke alikataa kwa nini? Nimejiuliza kila mwaka fomu zinapoingia. Nilidhani ananichukia, ila nilidhani angechukua."

 Mimi Nyangi, ninayemjibu kila mtu ofisini hapa, nikabeba sinia nikatoka.

Hilo ndilo lililonikalisha na kalamu. Silasi anakwenda Butiama akidhani Boke alimkataa. Boke anaishi Bunda akidhani hakuna aliyemrudia. Wote wawili wanaumia kwa jambo ambalo halikutokea, na mimi nikifa wataendelea kuumia.

Ndugu Silasi, pole. Pole kwa chai. Asante kwa herufi, kwa sabuni, na kwa jina langu ambalo hukuliandika. Uliketi kwenye kiti cha mtu na hukukichafua. Nenda Butiama ukavue hiyo tai, ukaongozane na ng'ombe wako polepole, usihesabu kitu chochote tena. Mvua ikukute umeshafika nyumbani. Wote hapa tunakuombea miaka mingi yenye usingizi mzuri, na mimi naiomba kwa sauti kubwa kuliko wote kwa sababu mimi ndiye niliyekunyima usingizi wa miaka ya nyuma.

Sasa nisikilizeni, na mtu asiniletee ubishi. Dorotea, usikate stensili ya kurudufu karatasi hii bado. Ichape nakala moja, uitie kwenye bahasha pamoja na fomu mpya ya walimu wa kisomo cha watu wazima, zipo kwenye droo ya kushoto ya Mzee, nimeziona nikifuta vumbi. Florian mwanangu, kesho panda basi la asubuhi uende Bunda. Bahasha umpe Boke mkononi, si mume wake, si watoto. Akisema isisomwe kwenye sherehe, someni ile mistari yenu tisa, na hii nitaichoma mwenyewe, jiko nalijua. Akisema isomwe, mwambie aje tarehe thelathini aisome yeye, kwenye kiti cha mbele, kando ya Silasi.

Na wewe Florian usijitie kuisoma njiani wala kumweleza kilichomo. Mpe, kaa pembeni, unyamaze. Anajua kusoma.